Makomeo ya mpira ya boneti ya Humvee: maswali yenu safari hii

Maswali mengi niliyopokea yanahusu kitu kidogo kinachotosha kiganjani: yale makomeo mawili ya mpira, moja kila upande, yanayoibana boneti ya Humvee, lile gari la jeshi la Marekani, iliyouzwa na jeshi. Nafurahi mmeuliza. Watu hutumia miezi kushughulikia injini na matairi, halafu boneti nzima inaachiwa vipande viwili vya mpira uliozeeka.

Komeo la kushoto limekatika, la kulia bado zima. Nibadilishe moja tu?

Badilisha yote mawili. Yamekaa kwenye jua lile lile na joto lile lile la injini, kwa hiyo hilo la kulia nalo liko njiani. Isitoshe, mpira mpya huvuta kwa nguvu kuliko wa zamani. Ukiuchanganya na uliochoka, boneti inavutwa upande mmoja na bawaba za mbele zinapindishwa kila gari linapopita kwenye mashimo.

Langu lina nyufa ndogo ndogo lakini bado linashika. Nitajuaje kama limekwisha?

Lifungue, ulikunje juu ya kidole gumba, kisha ulitazame mahali penye mwanga. Nyufa zikiwa zimekata mpira kwa upana, yaani zimekingama na upande unaovutwa, hizo zimeletwa na gesi ya ozoni. Hewa ya kawaida ina ozoni kidogo sana, lakini inatosha kukata minyororo ya molekuli za mpira wa asili na aina kadhaa za mpira wa viwandani. Na huukata mpira uliovutwa, kwa sababu kila ufa unaoanza hufunguliwa zaidi na ule mvuto. Ndiyo maana komeo huchanika shingoni, pale linaponyooka, na kile kishikio cha mwisho kinabaki kizuri kama kipya. Msidanganywe na kishikio.

Dalili ya pili haionekani kwa macho. Mpira uliokaa umevutwa miaka mingi hurefuka na haurudi. Chukua futi kamba, pima komeo la zamani likiwa limelegea, pima na jipya. Kama la zamani ni refu zaidi, basi hata lisipokuwa na ufa hata mmoja, limepoteza kazi yake. Komeo la mpira ni springi. Kazi yake ni kuivuta boneti muda wote ili isipate nafasi ya kucheza. Likibaki limening'inia pale mahali pake bila kuvuta, halina faida.

Humvee za kwanza zilianza kutoka kiwandani kwa AM General mwaka 1985. Kama gari lako ni la miaka hiyo na makomeo hayajawahi kuguswa, usipoteze muda kupima.

Nimepata makomeo ya akiba ya jeshi, bado yamo kwenye mfuko wake. Ni salama?

Soma mfuko kabla hujalipa. Namba ya vifaa vya jeshi ina tarakimu 13. Nne za mwanzo ni kundi la kifaa (makomeo na vifungio vya aina hii kwa kawaida huwa kundi 5340), mbili zinazofuata ni nchi iliyokisajili: 00 au 01 ni Marekani, 99 ni Uingereza. Namba hiyo inakuambia kifaa ni kipi, haikuambii kina umri gani. Tafuta tarehe ya kutengenezwa kwa mpira. Mara nyingi huandikwa kwa robo ya mwaka, mfano 3Q92, yaani robo ya tatu ya 1992.

Mfuko uliofungwa vizuri gizani husaidia sana, na mpira usiovutwa hauchaniki kwa ozoni. Lakini hausimamishi uzee. Ukikuta komeo la miongo mitatu mfukoni, likunje kama nilivyoeleza hapo juu. Likiwa gumu kama soli ya kiatu cha zamani, liache, hata kama linaitwa jipya.

Na jambo moja linalowapotosha wengi: mpira mpya ukiwa na utando mweupe-kijivu, usiufute kwa petroli. Mara nyingi hiyo ni nta iliyochanganywa na mpira kiwandani makusudi, ipande juu na kuukinga na ozoni. Ukiifuta umeivua kinga yake.

Nichague mpira wa aina gani?

EPDM, aina ya mpira wa viwandani, kwa jua na ozoni, hakuna mjadala. Udhaifu wake ni mafuta: dizeli na oili huuvimbisha na kuulainisha. Makomeo haya yako nje, pembeni mwa boneti, kwa hiyo kwa gari safi EPDM ndiyo chaguo langu. Kama injini yako inavuja na mikono inayofungua boneti ina oili kila siku, neoprini inavumilia yote mawili kwa kiasi. Ila ziba uvujaji kwanza.

Makomeo ya zamani yamepigwa ribiti. Nayatoaje bila kuharibu boneti?

Hapa naomba usikimbilie tindo na nyundo. Boneti ya Humvee ni fibaglasi, na bodi yenyewe ni alumini iliyounganishwa kwa ribiti na gundi. Pigo moja la tindo kwenye fibaglasi huacha ufa wenye umbo la nyota unaojificha chini ya rangi na kutokea miezi kadhaa baadaye.

Fanya upande mmoja kwa wakati, ili ule mwingine uendelee kuishika boneti mahali pake. Weka utepe wa karatasi kuzunguka bati la komeo na uchore mipaka yake kwa kalamu. Kisha toboa katikati ya kichwa cha ribiti kwa keekee, taratibu, msumari wa keekee ukiwa na unene sawa na mwili wa ribiti. Kichwa kitaanza kuzunguka na msumari, halafu kitakatika chenyewe. Sukuma mkia utoke upande wa pili. Kama ni bolti zilizoganda, zipake mafuta ya kulegeza usiku na uzifungue asubuhi.

Kuhusu vumbi: rangi ya magari haya inaitwa CARC, imetengenezwa kustahimili kemikali za vita, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Rangi za zamani zaidi zinaweza kuwa na kromati pia. Usipige msasa ukiwa mdomo wazi. Vaa barakoa yenye vichujio, lowesha sehemu unayosugua, na usiipashe joto la moto. Vumbi la fibaglasi nalo huwasha, kwa hiyo funika mikono.

Wakati wa kurudisha, tumia bolti zenye nati za nailoni, na upande wa ndani wa fibaglasi weka washa pana au kipande cha bati, ili nguvu isambae. Kaza mpaka bati litulie, basi. Fibaglasi ikibanwa kupita kiasi hupondeka. Upande wa alumini, paka rangi ya msingi au silanti kati ya chuma na alumini. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na tundu lako litakuwa limelegea tena.

Kama tundu tayari limetanuka, lijaze epoksi yenye nyuzi za fibaglasi, liache likauke kabisa, ndipo utoboe upya.

Kwa nini nisiweke makomeo ya chuma nikaachana na mpira?

Unaweza, ila chagua yenye springi ndani. Chuma kikavu hakinyumbuki. Mtikisiko wote ambao mpira ulikuwa unaumeza utahamia kwenye fibaglasi na matundu ya bolti. Mimi nimebaki na mpira kwa sababu nafuu mpira ukatike kuliko boneti ipasuke.

Naweza kuyapaka grisi yasikauke?

Grisi ya silikoni, kidogo, kwa kitambaa. Grisi ya magurudumu, dizeli na mafuta ya mgando, hapana.

Nimeweka mapya, na boneti bado inagonga.

Basi mpira haukuwa peke yake. Funga boneti, weka kipande cha karatasi pale inapokalia bodi, ukivute. Kikitoka bila kukwama, boneti haijakalia mahali hapo. Angalia vile vikalio vya mpira, huenda vimebonyea au vimedondoka. Kisha fungua, mtu mwingine aishike boneti, wewe utikise kila bawaba ya mbele kwa mkono. Bawaba iliyolegea hugonga hata makomeo yawe mapya vipi.

Likikatika nikiwa njiani?

Boneti ya Humvee ina bawaba mbele, kwa hiyo upepo wa mbele hauirushi kwenye kioo cha dereva kama boneti za magari mengi. Lakini hewa inayoingia kupitia wavu wa mbele huinyanyua ule ukingo wa nyuma, na itapigapiga mpaka bawaba zipasue fibaglasi. Simama. Funga ukanda wa kubania mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine, weka kitambaa chini yake penye kona, ukaze kwa mkono tu, na uende polepole. Mimi hubeba komeo moja la akiba ndani ya mfuko mweusi, likiwa limelegea bila kuvutwa, mbali na joto la injini.