Uliyepangwa naye si mpinzani wako

"Shikamoo dada. Nimechaguliwa kwenda mashindano yangu ya kwanza ya kimataifa ya vijana ya mbio za kuteleza kwenye barafu. Nafurahi, lakini naogopa. Nikipangwa na Mholanzi nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Na hongera sana. Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi, kwa sababu hofu hiyo naijua: Waholanzi ndio wakali wa mchezo huu. Nilikuwa nayo nikiwa na umri kama wako, na hakuna mtu mzima aliyenipa jibu la maana. Wote walisema neno moja: "Mng'ang'anie, usimwache akutoke." Leo nakwambia kinyume chake.

Hebu tazama mbio zenyewe zilivyo. Mnaingia wawili kwenye uwanja wa mita 400, mmoja njia ya ndani na kitambaa cheupe mkononi, mwingine njia ya nje na kitambaa chekundu. Kwa macho ni pambano la watu wawili. Lakini hakuna nukta hata moja unayopewa kwa kumshinda uliyepangwa naye. Orodha inapangwa kwa muda. Unaweza kumshinda mwenzako ukawa wa ishirini, na unaweza kushindwa naye ukapanda jukwaani. Mpinzani wako huenda aliteleza kabla yako na sasa amekaa kwenye benchi anafungua kamba za viatu.

Nisikilize sasa yaliyonipata.

Nilikwenda mashindano yangu ya kwanza makubwa nikijua niko kwenye timu ya wasichana watatu wa mbio za kufukuzana, zile ambazo watatu huteleza pamoja mmoja nyuma ya mwingine. Mwaka mzima nilijifunza kukaa nyuma ya mgongo wa mwenzangu, karibu kiasi cha kuona mishono ya nguo yake. Jioni moja kabla ya mbio kocha mkuu aliniita kwenye korido. Akaniambia nafasi yangu amepewa mwingine. Alisema timu hupimwa kwa mtu wa tatu kuvuka mstari, na mtu wa tatu ningekuwa mimi. Kanuni aliitaja sawasawa: muda wa timu ni muda wa yule wa mwisho. Ila hakunipa nafasi ya kusema neno, na aliyasema hayo wenzangu wakipita na sahani zao za chakula. Miaka imepita na bado nikikumbuka korido ile kifua kinabana.

Kesho yake nilikuwa na mita 1500. Nikapangwa na msichana wa Kiholanzi ambaye kila mtu pale alimjua kwa sura. Kocha msaidizi, Mungu ambariki, alikata kipande cha plasta akaandika kwa kalamu: 27, 31, 32, 34. Akakibandika kwenye kifundo cha mkono wangu, chini ya nguo. Sekunde 27 kwa mita 300 za mwanzo, kisha mizunguko mitatu. Jumla dakika mbili na sekunde nne, muda ambao sikuwahi kuugusa. Akasema, "Leo unateleza na hii plasta. Yule mwingine ana plasta yake."

Bunduki ilipolia, yule msichana aliondoka kwa kasi ambayo ningejaribu kuifuata ningekufa mzunguko wa pili. Nikamwacha aende. Nikakaa chini, magoti yamekunjwa, mkono mmoja mgongoni. Kila nilipopita upande wa pili wa uwanja nilimwona kocha msaidizi ameinama na ubao wake: 31.0. Kisha 32.1. Sikuona kitu kingine.

Halafu mahali pa kubadilishana njia, ambapo kila mzunguko wa ndani huenda nje na wa nje huingia ndani, tukakutana. Mimi natoka nje naingia ndani, yeye anatoka ndani kwenda nje. Hili lishike vizuri, kwa sababu vijana wengi huogopa jina la mtu wakajikuta wamempisha: anayetoka njia ya ndani ndiye anayebeba lawama mkigongana. Anayetoka nje ana haki ya kupita, hata kama mwenzake ni bingwa wa dunia. Sikupunguza mwendo. Yeye ndiye aliyeinuka kidogo akanipisha.

Alinishinda kwa kitambo kidogo. Lakini nilipoinua macho kwenye ubao mkubwa, muda wangu ulikuwa bora kuliko wote niliowahi kupata, na jina langu lilikaa juu ya majina ya wale wenzangu watatu wa timu ya kufukuzana. Watatu wote. Kocha mkuu hakunipa hata mkono. Sawa. Saa ilikwisha kusema.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni plasta. Kaa na kocha wako mkubaliane muda wa kila mzunguko, uandike, ulale nao. Ushauri wa pili ni uleule kwa namna nyingine: plasta iwe ya uwanja ule mtakaotelezea. Calgary kule Kanada na Salt Lake City kule Marekani ziko zaidi ya mita 1000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mwili unaikata kwa urahisi. Heerenveen kule Uholanzi iko chini kabisa. Collalbo kule Italia ni uwanja wa wazi, upepo ukivuma umevuma. Msichana akikutajia muda wake alioupata Salt Lake City usitetemeke. Muda ule ni wa kule.

Na kama utashindana kwenye jumla ya mbio nne, jifunze hesabu yake mapema. Kila muda hugeuzwa kuwa wa mita 500. Sekunde 40.50 za mita 500 ni pointi 40.500. Dakika 2:06.00 za mita 1500 hugawanywa kwa tatu, unapata 42.000. Mita 3000 hugawanywa kwa sita. Maana yake sekunde moja uliyoipoteza kwenye mita 500 itakubidi uilipe kwa sekunde sita kwenye mita 3000. Nimewaona vijana wakilia baada ya mita 500 wakidhani yamekwisha, na wengine wakishangilia mapema mno. Fanya hesabu kwanza, machozi baadaye.

Sasa neno kwa wazazi na makocha, maana najua mnasoma. Acheni kuwapima watoto kwa watoto wenzao. Katika umri huu mmoja amekwisha kurefuka na mwenzake bado, na barafu inaonyesha tofauti hiyo bila huruma. Miho Takagi wa Japani alikwenda Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010 akiwa na miaka 15. Mwaka 2014 hakuingia hata kwenye timu ya kwenda Sochi. Mwaka 2018 alipata dhahabu ya mbio za kufukuzana, na mwaka 2022 dhahabu ya mita 1000. Mtu angemwambia nini kwenye korido mwaka ule wa 2014?

Wala msiwadharau vijana kwa ujana wao. Viatu vyenye bawaba mbele, vile ambavyo bapa, yaani chuma cha chini ya kiatu, hubaki kwenye barafu wakati kisigino kinapoinuka, watu wazima walivikataa. Ni vijana wa jimbo la Holland Kusini waliokubali kuvivaa msimu wa 1994–95, na muda wao ukashuka kiasi cha kuwafunga watu midomo. Kufikia Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 karibu wakubwa wote walikuwa wamevifuata. Mwacheni kijana apigane na muda wake, atawafundisha na ninyi.

Mdogo wangu, mambo ya kula na kulala sitayaeleza, unayajua. Lenye uzito kuliko hayo ni hili: kama mmoja wenu amekwisha kuanza kabla ya bunduki, tulia. Atakayekosea mara ya pili anatolewa, hata kama kosa la kwanza halikuwa lake. Bora uchelewe kidogo kuliko kusafiri mbali hivyo ukatolewa bila kuteleza.

Umeuliza pia kama ukubali kuingia mbio za kuanza wote kwa pamoja. Kubali. Huko plasta haina kazi. Kuna kusukumana, kuna mbio za kugombea pointi katikati, na anayetangulia kuvuka mstari wa mwisho ndiye mshindi hata muda uwe mbaya. Kofia ngumu ni lazima, na ncha za bapa lazima ziwe zimeviringwa, kwa hiyo kocha azikague kabla hamjasafiri. Na Mholanzi ukimkuta huko, hapo ndipo umng'ang'anie.