Seva Moja, Mashine Kumi: Majibu kwa Waliohamia na kwa Wanaosita

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: kampuni zilizoachana na utaratibu wa kila programu kuwa na seva yake, zikahamia kwenye mashine pepe, yaani seva kadhaa zinazoishi kama programu ndani ya chuma kimoja. Baadhi ya walioandika wanataka kuanza. Wengine wameshaanza na wamekwama. Maswali nimeyafupisha.

Tuna seva sita zilizochakaa. Muuzaji anasema mbili mpya zitabeba kazi zote sita na nafasi itabaki. Anatuambia ukweli au anatafuta kuuza tu? (Mmiliki wa kampuni ya usambazaji)

Yote mawili. Seva inayoendesha programu moja mara nyingi hushinda bila kazi ya maana, huku ikila umeme na kutoa joto lilelile. Kugawana mtambo mmoja ni wazo la siku nyingi: IBM ilitangaza VM/370 kwa kompyuta zake kubwa mwaka 1972. Seva za kawaida ndizo zilizochelewa. VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, ilianzishwa 1998, bidhaa yake ya seva ikatoka 2001, kisha Intel na AMD wakaingiza msaada wa kazi hiyo ndani ya prosesa zenyewe kati ya 2005 na 2006. Kwa hiyo hamfanyiwi majaribio.

Lakini kabla ya kutia saini, muulizeni: seva moja ikizimika, iliyobaki itabeba kila kitu? Tuseme mashine zenu sita zinahitaji jumla ya GB 180 za RAM, naye anawaletea seva mbili zenye GB 128 kila moja. Kwenye karatasi mna GB 256, na siku za kawaida mtakuwa raha mustarehe. Siku moja ikifa mtabaki na 128, na itabidi mtu aamue papo hapo ni mashine zipi zibaki zimelala. Kipimo sahihi ni kile kinachobaki baada ya hasara.

Kisha muulizeni diski zitakaa wapi. Ili mashine iliyokuwa kwenye seva ya kwanza iamke kwenye seva ya pili, lazima data yake ifikike kutoka huko. Michoro mingi ya wauzaji ina seva mbili zinazong'aa juu, na chini yake sanduku moja la hifadhi ambalo zote zinalitegemea. Sanduku hilo likifa, seva zote mbili ni mapambo. Kama mtalinunua, liwe na vidhibiti viwili, vyanzo viwili vya umeme, na njia mbili za mtandao zinazopita swichi mbili tofauti. Kwa kampuni ya ukubwa wenu mimi ningechagua njia ya unyenyekevu zaidi: kila seva iwe na diski zake, na mashine zinakiliwe kwenda seva ya pili kila baada ya dakika chache. Mtapoteza dakika hizo siku ya ajali, ila mtakuwa na vitu vichache vya kuelewa saa nane za usiku. Na mkitaka seva mbili ziungane kuwa klasta, yaani kundi moja linalohamisha mashine lenyewe, tafuteni kifaa cha tatu cha kupiga kura. Zikipotezana mtandaoni, kila moja itaona mwenzake ndiye aliyekufa.

Kupima matumizi ya sasa kufanyike kabla ya kununua, na kipindi cha kupima kipite mwisho wa mwezi, wakati wahasibu wanapofunga hesabu. Wiki tulivu hudanganya.

Kila kabla ya kusasisha programu nachukua snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine wakati huo. Juzi hifadhi ilijaa ghafla na mashine zote zikaganda. Nilidhani snapshoti ndizo nakala zetu rudufu. (Ofisa TEHAMA)

Hapana, na dhana hii imewaliza wengi. Ukichukua snapshoti, diski ya awali huachwa kama ilivyo, na kila kinachoandikwa baada ya hapo huingia kwenye faili jipya pembeni. Faili hilo hukua kadiri mashine inavyofanya kazi, na linaweza kufikia ukubwa wa diski nzima. Hifadhidata yenye pilikapilika hulijaza haraka. Hifadhi ikijaa, mashine nyingine zinazoishi humo zinaweza kusimama, hata zile zisizokuwa na snapshoti yoyote.

Zaidi ya hapo, snapshoti inaegemea diski ileile unayotaka kuiokoa. Diski ikiharibika, vyote vinakwenda pamoja. Mwongozo wa VMware ni kutoiacha snapshoti zaidi ya saa 72, nami naona hata hizo ni nyingi: chukua, sasisha, hakikisha kesho yake asubuhi, futa. Ukiwa na mlolongo mrefu wa zamani, ufutie saa za mapumziko, maana kuunganisha mafaili hayo kunachosha diski na kunaweza kuchukua saa nyingi. Hakikisha pia kuna nafasi kabla ya kuanza.

Nakala rudufu ni ile iliyo kwenye kifaa kingine, yenye nakala moja nje ya jengo, na ambayo mtu ameshawahi kuirejesha ikawaka. Hili la kurejesha ndilo zuri la mashine pepe ambalo watu hawalitumii: unaweza kuirudisha mashine nzima kwenye mtandao uliotengwa, ukaiwasha, ukaona kama hifadhidata inafunguka, bila mfanyakazi yeyote kuhisi. Zamani ungehitaji seva ya ziada inayofanana na ile ya kwanza. Siku hizi kisingizio hicho hakipo.

Muda wa kuhuisha leseni za VMware umefika na hesabu imetushtua. Tuhame? (Mkurugenzi wa fedha)

Hamko peke yenu. Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikatangaza kuacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni kulipia kwa muda, kwa idadi ya viini (core) vya prosesa, na kila prosesa inahesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16 hata kama ina nane. Bidhaa nyingi zilizouzwa mojamoja zikafungwa kwenye mafurushi machache. Toleo la bure la ESXi, programu ya VMware inayoendesha mashine pepe juu ya seva, liliondolewa mwanzoni mwa 2024, likarudishwa kimyakimya Aprili 2025. Aliyenunua leseni ya kudumu anaweza kuendelea kuitumia, ila msaada wake hauhuishwi kwa utaratibu wa zamani, na vSphere 7, furushi lenye ESXi ya toleo hilo, ilifika mwisho wa msaada wa kawaida Oktoba 2025.

Njia nyingine zipo, na si za kubahatisha. Hyper-V ya Microsoft inakuja na Windows Server tangu 2008. Kama mmeshalipia Windows ya kutosha, huenda mnayo tayari na hamjaigusa. Proxmox VE, ya kampuni ya Austria, imejengwa juu ya Debian (aina ya Linux) na KVM, kiendesha mashine pepe ambacho ni sehemu ya kernel, yaani moyo wa Linux, tangu 2007. Programu yenyewe ni huria, mnacholipia ni masasisho yaliyopimwa zaidi na msaada. XCP-ng inatoka kwenye ukoo wa Xen, mfumo mwingine huria wa mashine pepe. Kwa kampuni yenye seva mbili hadi tano na mashine thelathini, yoyote kati ya hizi inatosha, na anayewaambia vinginevyo awaonyeshe ni kipengele gani hasa mnachokitumia leo ambacho hakipo huko.

Gharama halisi iko kwenye kuhama. VMware ina muundo wake wa kupanga diski, kwa hiyo mtahitaji hifadhi ya ziada ya kupokelea mashine wakati zile za zamani bado zipo. Mashine ya Windows iliyohamishwa bila kuwekewa kwanza draiva za VirtIO (zinazoiwezesha kutambua diski na kadi ya mtandao za mashine pepe) inaweza kugoma kuwaka ikafungua skrini ya buluu. Kadi ya mtandao hubadilika, hivyo anwani ya IP iliyowekwa kwa mkono hupotea, na kuna mahali printa au programu ya mishahara inaitafuta anwani hiyohiyo. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa BIOS isipelekwe kwenye UEFI (njia mbili tofauti za kuwasha kompyuta) kwa bahati mbaya. Snapshoti zote zifutwe kwanza. Na programu yenu ya nakala rudufu inaifahamu haipavaiza mpya, yaani programu inayoendesha mashine pepe? Veeam, kwa mfano, iliongeza Proxmox mwaka 2024 tu. Swali hili likiulizwa mwisho, kampuni hukaa wiki nzima bila nakala.

Ushauri wangu: msihame kwa hasira. Kama muda uliobaki kwenye mkataba ni mwezi mmoja, lipeni kipindi kifupi zaidi mtakachokubaliwa, na mtumie kipindi hicho kuhamisha mashine zisizo na uzito: ya majaribio, ya kuhifadhi mafaili, ya printa. Hifadhidata kuu iwe ya mwisho. Ya zamani izimwe, isifutwe, mpaka mwisho wa mwezi mmoja mzima upite salama. Na kabla ya hayo yote, hesabuni mashine ambazo hakuna anayejua kazi yake. Kila kampuni inazo, na kuzizima ni punguzo la bei lisilohitaji mazungumzo na muuzaji.

Mfumo wa uhasibu ulikuwa mzito, tukaiongezea mashine prosesa pepe kutoka 4 hadi 16. Sasa ni mzito zaidi. Inawezekanaje? (Msimamizi wa mifumo)

Inawezekana kabisa. Haipavaiza inapaswa kuipatia mashine hiyo viini halisi vya kufanyia kazi huku mashine nyingine nazo zinavitaka. Ni kama kundi la watu 16 wanaotaka kupanda basi pamoja: wanne wangeshapata viti na kuondoka. Haipavaiza za sasa zimelegeza sharti la kuondoka pamoja, ila foleni bado ipo. Kwenye vSphere angalia kipimo kinachoitwa CPU Ready. Ndani ya mashine ya Linux angalia muda ulio chini ya "st" kwenye amri ya top. Namba hizo zikiwa juu, mashine inasubiri zamu.

Rudisha 4, halafu tazama diski. Mara nyingi uzito wa mfumo wa uhasibu unatoka huko: mashine kumi zinagombania diski zilezile, tena wakati mwingine nakala rudufu inaanza saa ambayo watu bado wako kazini.

Tukiwa na mashine nane za Windows kwenye seva mbili, tunalipia leseni ngapi? (Mhasibu)

Windows Server Standard inalipiwa kwa viini vyote vya seva (si chini ya 16 kwa seva), na ukishalipia vyote umepata haki ya mashine pepe mbili. Ukitaka nne, unalipia viini vyote tena. Toleo la Datacenter ni ghali, ila halina ukomo wa mashine. Mtego uko kwenye kuhamahama: kama mashine zote nane zinaweza kukimbilia seva moja nyingine ikifa, kila seva iwe na leseni za kutosha mashine nane. Bila mkataba wa ziada, leseni hairuhusiwi kuhamishwa kutoka seva hadi seva kila siku; kuna sharti la siku 90.

Kama kati ya hizo nane kuna hifadhidata ya Oracle, simameni hapo kwanza. Oracle haikubali kwamba kuifungia mashine ndani ya VMware kunapunguza viini vinavyolipiwa. Msimamo wake ni kuhesabu seva zote ambazo mashine hiyo ingeweza kufika. Waraka wake wenyewe kuhusu suala hili unasema hauingii kwenye mkataba, na ndiyo maana mabishano yake huishia kwa mawakili. Kampuni nyingi huitengea Oracle seva yake ya pembeni, mambo yakaisha.

Nimeambiwa mashine pepe ni salama kwa sababu kirusi hakivuki. Kweli? (Meneja wa ofisi)

Kuvuka kutoka mashine hadi mashine ni kugumu. Mshambuliaji hahitaji kuvuka. Anakwenda moja kwa moja kwenye seva mama, yaani ile halisi inayobeba mashine zote. Februari 2023 wimbi la ESXiArgs lilifunga kwa usimbaji mafaili ya mashine kwenye maelfu ya seva za ESXi, na kasoro iliyohusishwa nalo, CVE-2021-21974, ilikuwa na kiraka tangu Februari 2021. Miaka miwili! Ukurasa wa kusimamia seva mama usionekane kwenye intaneti, ukae kwenye mtandao wake, na nywila yake isiwe ileile ya mfumo wa ofisi. Sehemu ya nakala rudufu vilevile.

Programu yetu ya usanifu inafunguka kwa kifaa cha USB tu. Tutakichomeka wapi? (Mhandisi)

Kwenye seva mama, kisha kipitishwe kwa mashine husika. Lakini ukishafanya hivyo usitegemee mashine hiyo kuhamia seva nyingine yenyewe, kwa kuwa kifaa hakihami nayo. Vipo visanduku vinavyosambaza USB kwa njia ya mtandao. Bora zaidi, muulizeni mtengenezaji kama ana leseni isiyohitaji kifaa.

Umeme ulikatika usiku, UPS ikaisha. Asubuhi seva zimewaka lakini hakuna anayeweza kuingia popote, hata sisi. (Ofisa TEHAMA mwingine)

Mmejifungia nje. Seva mama zinatafuta majina kwenye DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani za namba), DNS ni mashine pepe, mashine pepe haijawaka kwa sababu hifadhi haijaunganishwa, na hifadhi imeitwa kwa jina badala ya namba. Pengine hata akaunti zenu za kuingilia seva mama zinathibitishwa na mashine iliyomo ndani yake.

Ingieni kwa akaunti ya ndani ya seva mama, kwa anwani ya IP, mwashe kwanza mashine ya DNS na ya akaunti, kisha hifadhidata, kisha programu zinazoitegemea. Mkishapumua, andikeni mpangilio huo kwenye haipavaiza ili uwashaji ufuate zamu, hifadhi iunganishwe kwa namba, na kama mna uwezo DNS ya pili ikae kwenye chuma kilicho nje ya klasta. UPS nayo iwe inazitumia seva amri ya kujizima taratibu kabla haijaisha. Anwani, nywila za akaunti za ndani na mpangilio wa kuwasha viwe kwenye karatasi ndani ya kabati linalofungwa, kwa sababu safari hii faili lenye maelezo hayo bila shaka lilikuwa kwenye seva ya mafaili.