Mfumo Upi Unafaa Kompyuta Kuukuu za Msaada?

SWALI: Ndugu Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa kujitolea katika maktaba ndogo ya mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Tumeletewa kompyuta 9 za mezani zilizokwisha kutumika Ujerumani, na diski zake zimefutwa. Moja ina ramu (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya megabaiti 512, tatu zina gigabaiti 1, na zilizobaki zina gigabaiti 2 hadi 4. Fundi mmoja ametushauri tuweke Windows ya kunakili isiyo na leseni. Je, upo mfumo endeshi wa bure utakaozifaa?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu. Ushauri huo msiufuate, na leseni si sababu pekee. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 2020, Windows 10 ikafuata Oktoba 2025, na Windows 11 inadai ramu ya gigabaiti 4 kwa uchache pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta za umri huo hazina. Mfumo usiorekebishwa, unaochomekwa flashi za wanafunzi kutwa kucha, utajaa virusi kabla ya mwezi mwingine kuandama.

Tumieni Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na ambayo leseni yake inawaruhusu kuinakili na kumpa mwanafunzi yeyote aende nayo nyumbani. Makundi mengi huifungasha kila moja kwa namna yake na kwa jina lake, kama Ubuntu, Debian, Linux Mint na antiX, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Kabla ya kuchagua, chunguzeni kama prosesa ya kila kompyuta, yaani ubongo wake, ni ya biti 32 au 64 (kiasi cha data inachoshughulikia kwa mkupuo), maana jambo hilo ndilo linaloamua. Ubuntu iliacha kutoa diski ya kawaida ya biti 32 mwaka 2017, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Kwa hiyo zile za biti 64 zenye gigabaiti 2 au zaidi ziwekeeni Debian 13 pamoja na eneokazi (sura ya madirisha na menyu) la Xfce au LXQt, wala si GNOME, ambalo hula ramu nyingi. Za biti 32, pamoja na zote zenye ramu ndogo, ziwekeeni antiX 23. Wapo watakaowasifia Linux Mint, nayo ni nzuri kweli. Lakini antiX imejengwa juu ya Debian, hivyo kijana wenu mmoja akijifunza kusakinisha programu kwa amri ya apt, ujuzi huo utamfaa kwenye kompyuta zote 9. Kisiwani, ambako huenda fundi akalazimika kuvuka kwa boti kutoka Mokowe, naliona hilo kuwa jambo zito kuliko uzuri wa sura.

Nawaomba mtambue pia kwamba kinacholemea kompyuta kuukuu mara nyingi ni kivinjari, si mfumo. antiX itawaka kwenye megabaiti 512, ila kurasa chache za intaneti ya leo zitaigandisha. Ndiyo maana napendekeza ile kompyuta yenye ramu kubwa kuliko zote iwekewe Kiwix, programu inayohifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili bila kuhitaji intaneti; mkiziunganisha nyingine kwa waya na swichi ya mtandao, wanafunzi wote wataisoma kutoka hapo, kwani kurasa zake ni nyepesi. Kwa kuandika barua na hesabu, LibreOffice inatosha.

Mkiona kivinjari kinakataa tovuti salama, tazameni saa kwanza. Betri ndogo ya ubao mkuu, mara nyingi CR2032, ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi, na kivinjari hudhani vyeti vya tovuti havijaanza kutumika. Na ile ya megabaiti 512, ikiwa ramu yake ni ya aina moja na ya mwenzake mwenye nafasi tupu, hamishieni ramu hiyo huko, na kompyuta yenyewe ibaki akiba ya vipuri.