Kabla ya ada, mzee anataka kumjua mwalimu

Ukifungua skuli ya mtandaoni hapa Zanzibar, jiandae kuulizwa swali moja kabla ya yote: nani anasomesha? Ada itaulizwa baadaye, na mambo ya bando na simu baadaye zaidi. Mzee wa Chake Chake au wa Mwanakwerekwe anayetaka kumwandikisha mwanawe anataka kwanza amjue mtu atakayekaa na mtoto wake usiku, hata kama kukaa kwenyewe ni kwenye kioo cha simu.

Nafanya kazi katika skuli ya aina hiyo, na kazi ya kuwajulisha walimu na viongozi wetu kwa wazee imekuwa mikononi mwangu tangu tulipoanza. Naona wengi wanaofungua skuli kama yetu wanaiacha kazi hii mpaka dakika ya mwisho, wakachukua picha ya pasipoti na mistari miwili, basi. Kwangu mimi hapo ndipo skuli inapokubalika au inapokataliwa, na haya ndiyo niliyojifunza.

Katika skuli ya mtaani mwalimu hajulishwi kwa maandishi. Wazee wanasali naye msikiti mmoja, wanakutana naye sokoni, wanajua kwao Makunduchi au Konde, na pengine aliwasomesha wao wenyewe. Na ualimu hapa visiwani haumtoki mtu. Marehemu Seif Sharif Hamad alisomesha skuli za Lumumba na Fidel Castro kabla ya kuingia siasa, akafika kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na mpaka anafariki Februari 2021 watu walikuwa wakimwita Maalim. Skuli ya mtandaoni haina msikiti wala soko. Yote ambayo mtaa ungeyasema juu ya mwalimu, inabidi uyaseme wewe, na uyaseme kweli.

Ndiyo maana maneno kama "mwalimu mahiri, mwenye uzoefu wa muda mrefu na ari ya kazi" hayamsaidii mtu. Mtoe huyo umweke mwengine, sentensi itabaki vilevile. Maelezo ya mwalimu wetu mmoja yanakwenda hivi, nikiacha jina lake:

"Anasomesha Kemia, kidato cha tatu na cha nne. Alisoma skuli ya Utaani, Wete, kisha SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Asubuhi yupo skuli ya serikali, na mwajiri wake anajua kuwa anasomesha hapa. Kwetu ana vipindi Jumatatu na Jumatano, saa 2 usiku. Anaeleza kwa Kiswahili kwanza, halafu anarudia kwa Kiingereza. Daftari likipigwa picha na kutumwa Jumatano, linarudi limesahihishwa kabla ya Jumatatu. Mtoto asipofahamu, mzee ampigie kwa namba ya skuli. Asiporidhika, ampigie mkuu wa taaluma."

Hakuna sifa hata moja hapo, lakini kila sentensi inajibu swali ambalo mzee fulani aliwahi kuniuliza. Chukua hilo la lugha. Mtihani wa kidato cha nne wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ni mmoja Bara na Visiwani, na Kemia, Hisabati na Jiografia zote zinakuja kwa Kiingereza. Watoto wengi nawaona wanaijua Kemia yenyewe, wanakwama kwenye swali lilivyoulizwa. Kwa hiyo mzee anataka kujua: huyu mwalimu atamshika mkono mtoto wangu kwa Kiswahili, au ataanza Kiingereza moja kwa moja na kumwacha nyuma? Na yuko mzee wa aina ya pili, anayeogopa kwamba Kiswahili kitazidi na mtoto ataukuta mtihani mgeni kwake. Sentensi moja imewajibu wote wawili.

Hilo la mwajiri nalo usilifiche. Walimu wengi wazuri tulionao wameajiriwa serikalini, na skuli zetu nyingi, khasa za mjini, zina mikondo miwili ya asubuhi na mchana. Mzee akigundua mwenyewe kwamba mwalimu wako yuko skuli ya serikali, atadhani mlikuwa mnaficha. Ukimwambia wewe mwanzo, anatulia; tena wengine wanafurahi, kwa sababu wanaona mtu huyo anaujua mtaala wa sasa na yupo nao kila siku.

Saa iandike kwa uangalifu. Sisi tumechagua saa 2 usiku kwa sababu Isha imeshasaliwa, mtoto ametoka chuo cha Kurani zamani na ameshakula. Ramadhani vipindi vinahama kwa ajili ya tarawehe, na hilo liandikwe mwezi kabla. Lakini tunao watoto wetu wengine Muscat na London, wazee wao wanataka wasipotelewe na Kiswahili, na kwao saa 2 usiku ya Unguja ni kitu kingine kabisa. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. London wako nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto, maana wao hubadilisha saa zao na sisi hatubadilishi. Mwalimu wa Kiswahili aandikiwe saa za sehemu zote tatu, na kwa watoto wa kule uandike pia 20:00 ya Unguja, kwa sababu mtoto aliyekulia ughaibuni akisoma "saa 2" ataingia darasani saa mbili ya kwao.

Vyeti viseme kwa jina la chuo na mwaka wa kuhitimu, bila kuongeza. Wazee wa umri wanaijua Nkrumah, chuo cha ualimu cha Beit el Ras, kuliko wanavyoijua SUZA, ingawa Nkrumah sasa ni sehemu ya SUZA. Kwa mwalimu wa zamani andika vyote viwili. Aliyesoma nje ya nchi, aseme kama shahada yake imetambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mwalimu ambaye bado anasoma, tuseme yupo Chuo Kikuu Huria, andika kwamba bado anasoma. Sijawahi kuona mzee aliyemkataa mwalimu kwa kuwa bado anasoma. Nimewaona waliomkataa kwa kuwa ilisemwa amemaliza.

Sasa picha. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona walimu wanawake wazuri wakipotea kwa jambo ambalo lingeweza kuzungumzwa. Wako walimu ambao hawataki sura zao zisambae mtandaoni, wengine wanavaa nikabu, wengine hawana sababu yoyote zaidi ya kuwa hawapendi, na hiyo ni sababu tosha. Usiwalazimishe, wala usiwaweke kisanduku cha kijivu kisicho na uso huku wenzao wote wanatabasamu, maana wazee watamdhania mwalimu huyo hayupo. Tafuta njia nyengine. Sisi mwalimu mmoja wa Biolojia tumemweka kwa sauti: anajitambulisha kwa dakika moja, anasema anasomesha nini na anataka mtoto aje na nini darasani, na juu yake ipo picha ya mchoro wa moyo aliouchora mwenyewe kwa kalamu mbili, nyekundu na buluu, kila mshipa umeandikwa jina lake kwa mwandiko wake. Wazee wa watoto wa kike wanamuulizia huyo kabla ya wengine wote. Ruhusa ya picha au sauti ichukue kwa maandishi, na mwalimu aweze kuiondoa siku yoyote bila kuulizwa kwa nini.

Kuhusu video, ushauri wangu ni huu: usimpige mwalimu akijisifu, mpige akisomesha. Mwalimu wetu wa Hisabati ana kifuniko cha sufuria mkononi. Anazungusha uzi ukingoni mwake, anaunyoosha uzi juu ya rula, anaandika ubaoni urefu alioupata. Kisha anapima upana wa kifuniko kupitia katikati. Anagawa cha kwanza kwa cha pili, anapata 3 na ushei. Anachukua kifuniko kidogo zaidi, cha birika, anafanya vilevile, na jibu linatoka karibu lilelile. Hapo ndipo anaandika alama ya pai. Video nzima haifiki dakika mbili, na baba mmoja wa Wete aliniambia ameielewa pai siku ile, yeye aliyeacha skuli zamani. Mtu akishaona hayo, wasifu wa kurasa tatu wa nini tena?

Tuje kwa viongozi. Skuli nyingi humweka mkurugenzi juu kabisa kwa picha kubwa na maneno marefu ya maono na dhamira. Sina ubaya na mkurugenzi. Lakini mzee anayesoma anatafuta jambo jengine: mambo yakiharibika, nani ananijibu? Kwa hiyo kila kiongozi mwandike kwa yale anayoyaamua. Mwalimu mkuu anaamua nini, mkuu wa taaluma anaamua nini, mhasibu anapokea ada kwa njia gani na anatoa risiti ya namna gani. Na fundi wa TEHAMA mweke pamoja na viongozi, usimfiche chini. Katika skuli ya mtandaoni huyo ndiye anayeshika funguo za darasa. Saa 2 usiku, kiungo kinapokataa kufunguka na mwalimu ameshaanza, hakuna mtu mwengine mzee anayemtaka.

Kiongozi akitajwa mapema na kazi yake ikajulikana, watu humpokea. IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ilipofungua tawi lake hapa mwaka 2023, kule Bweleo, watu walimjua Profesa Preeti Aghalayam kabla wanafunzi wa kwanza hawajaingia darasani: mtaalamu wa uhandisi wa kemikali, mwenyewe amesoma IIT Madras, na mwanamke wa kwanza kuongoza IIT yoyote. Skuli yetu ndogo haina jina kama hilo, lakini utaratibu ni uleule. Mtu kwanza, na alikotoka, na anachokuja kukifanya.

Kuna viongozi wawili ambao nakuomba usiwasahau hata kama skuli yako ina watu watano tu. Wa kwanza ni wa mambo ya mitihani. Wanaokuja kwetu wengi ni watahiniwa wa kujitegemea, vijana na kina mama walioacha skuli njiani. Wanadhani wakisoma mtandaoni mtihani nao wataufanyia nyumbani. Lazima awepo mtu anayejulikana kwa jina, wa kuwaeleza kwamba mtihani wa NECTA unafanyiwa kwenye kituo kilichosajiliwa, kwamba usajili una muda wake na ukipita umepita, na kwamba asiye na sifa za kufanya mtihani wa kidato cha nne moja kwa moja anaanzia mtihani wa maarifa, ule wanaouita QT. Na mwalimu wa sayansi naye aseme majaribio ya maabara yatafanyika wapi, kwa sababu titresheni, ile ya kupima tindikali kwa besi, haifanyiki kwenye simu.

Wa pili ni wa usalama wa watoto, na kwa uzoefu wangu ni bora awe mwanamke mtu mzima ambaye wazee wataweza kumwita Bi fulani na kuzungumza naye bila haya. Maelezo yake yaandikwe kwa lugha ya wazi kuliko ya wengine wote. Kwetu yanasema: mwalimu hana namba ya simu ya mwanafunzi, hakuna kipindi cha mwalimu na mtoto mmoja peke yao, kila darasa linarekodiwa na mzee anaweza kuomba kuliona, jambo lolote likimtia mtoto wasiwasi, piga namba hii, ataipokea yeye. Mama mmoja wa Micheweni alinisomea maneno hayo kwenye simu, sentensi baada ya sentensi, akiniuliza kila moja, "Na hili ni kweli?" Nikamjibu kila moja. Alipomaliza akaniuliza ada.

Urefu usikusumbue sana. Maneno mia kwa mwalimu yanatosha, kiongozi hata sitini. Kiswahili kiwe cha mazungumzo ya heshima, na majina yaandikwe kama watoto watakavyowaita darasani: Maalim, Mwalimu, Bi. Kama nusu ya walimu wako wako Pemba, sema wako Pemba. Wazee wa Pemba watafurahi, na wa Unguja hawatachukia.

Kazi hii inahitaji kurudiwa kila muhula, kwa sababu walimu huondoka. Anapata uhamisho, anaolewa Dar, anakwenda kusoma. Waandikie wazee kabla ya kipindi chake cha mwisho, barua itoke kwa mkuu wa taaluma kwa jina lake, na imtaje anayekuja kwa ukamilifu uleule uliomjulisha nao wa kwanza. Mwalimu mgeni akae darasani pamoja na anayeondoka kwa kipindi kimoja angalau, watoto wawaone wote wawili wakizungumza. Siku anapoondoka, toa picha yake na sauti yake, na namba ya skuli aliyokuwa akipokelea simu ihamishiwe kwa mrithi wake usiku uleule, maana asubuhi kuna mzee atapiga.