Radi Laini Moja, Giza Laini Mbili

SWALI: Kiwanda chetu hapa Ilemela kinapokea umeme kwa laini mbili sambamba za kilovolti 33, kila moja kilomita 10 kwa nguzo zake, kutoka kituo kimoja cha kupoza umeme. Radi ikipiga laini moja, zote zinakatika. Rilei zote (vifaa vinavyohisi hitilafu na kuamuru breka, yaani swichi ya laini, ikate) ni za mkondo uliozidi: zinapima ukubwa wa mkondo tu. Kasoro iko wapi?
– Fundi umeme, Mwanza

JIBU: Ndugu fundi, kasoro iko kwenye rilei za upande wenu wa kupokea. Chukua hitilafu iliyo kilomita 8 kutoka kituoni, yenye mkondo wa ampia 2,000. Ampia 1,200 zinaifikia moja kwa moja. Nyingine 800 zinapita laini nzima, yaani isiyo na hitilafu, zinafika kwenye basiba yenu (baa ambapo laini zote mbili zinakutana), kisha zinarudi kilomita 2 hadi penye hitilafu. Kwa hiyo rilei zenu mbili zinaona ampia 800 zilezile, na kwa kuwa hazitambui mwelekeo, zinafyatuka pamoja. Kuongeza muda hakutasaidia; zitasubiri pamoja na kufyatuka pamoja.

Wekeni rilei za mwelekeo, yaani zinazofyatuka mkondo ukielekea upande mmoja tu, zitazame kutoka basiba yenu kuingia kwenye laini. Mzigo wa kawaida unakuja kinyume chake, hivyo zinaweza kusetiwa chini: laini ya ampia 400 iseti 200, kizidisho cha muda (namba inayorefusha au kufupisha muda wa kufyatuka) 0.1, mradi rilei yenyewe ihimili ampia 400 saa zote. Rilei za kituoni zibaki zilivyo, ila zichelewe sekunde 0.4 nyuma ya zenu. Breka yenu ya laini mbovu ikishafunguka, ya kituoni inamalizia, na laini nzima inaendelea kulisha kiwanda.

Radi mara nyingi huleta hitilafu ya ardhini, na hapo wengi hukosea. Rilei ya mwelekeo ya ardhini inahitaji transfoma ya volteji (inayoipimia rilei volteji) ya fezi tatu ambayo nyota yake ya msingi, yaani kiungo cha fezi tatu upande wa volteji kubwa, imeunganishwa na ardhi. Ile ya fezi mbili haifai. Tena kwenye miamba ya Mwanza fito za ardhi hazizami vizuri, mkondo wa hitilafu ya ardhini huwa mdogo, kwa hiyo rilei hiyo isetiwe chini kuliko rilei ya fezi.

Waya za transfoma ya mkondo (inayoipimia rilei mkondo) zikigeuzwa, rilei itaona mzigo kama hitilafu na kukata ukipita ampia 200. Msipandishe seti! Pimeni pembe ya mkondo na volteji laini ikiwa na mzigo, kabla ya kukabidhi kazi.