Gari limegongwa, je, dhamana imekufa?

SWALI: Gari langu lina miezi 14, na dhamana ya kiwanda ni ya miaka 3. Liligongwa mbele kushoto. Bima ikalipia bampa, taa na rejeta, kazi ikafanyika gereji ya mtaani. Sasa giaboksi, ambayo ni otomatiki, inachelewa kushika gia, na kioo cha mlango wa nyuma kulia hakishuki. Wakala wa kampuni iliyotengeneza gari anasema gari likishapata ajali halina dhamana tena. Ni kweli?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, si kwa namna alivyokuambia. Dhamana ya kiwanda hulipia kasoro za vifaa au za uundaji. Ajali si kasoro, hivyo kilichovunjika siku ile ni mzigo wa bima, pamoja na kitakachoharibika baadaye kutokana na pigo lilelile. Sehemu nyingine zote zinaendelea kulindwa hadi muda au kilomita ziishe.

Kioo cha nyuma kulia hakina undugu na pigo la mbele kushoto. Wakala akikataa kukitengeneza, mwombe aandike sababu, na ataje kifungu cha kijitabu cha dhamana. Kukataa kwa mdomo ni rahisi. Kwa maandishi si rahisi hivyo.

Giaboksi ni habari nyingine, na hapo huenda wakala ana hoja. Magari mengi ya otomatiki hupoza oili ya giaboksi ndani ya rejeta. Rejeta ikibadilishwa, mabomba ya oili hufunguliwa na kiasi fulani humwagika. Fundi asipokirudisha, au akitia oili ya aina nyingine, gia huchelewa kushika kama unavyoeleza. Mbaya zaidi ni rejeta ya zamani kupasuka kwa ndani kisha gari likaendeshwa: maji huingia kwenye oili, ikageuka rangi kama ya maziwa, na sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi zikaanza kuharibika.

Kwa hiyo pima oili kabla ya kubishana. Magari mengi mapya hayana kijiti cha kupimia. Fundi hulinyanyua gari likiwa sawa na kufungua nati ya kipimo chini ya giaboksi, injini ikiunguruma na oili ikiwa na joto lililotajwa na kiwanda. Ikiwa pungufu au si aina yake, rudi gereji. Ikiwa na maji, rudi bima na udai nyongeza kwa ajali ileile. Ikiwa safi na ya kutosha, na mabomba hayajabanwa, dai lako kwa wakala lina nguvu.

Kumbuka pia kwamba rejeta mpya iliyofungwa gereji hailindwi na dhamana ya gari; inalindwa, kama ipo, na dhamana ya aliyeiuza. Dhamana ya kutu nayo mara nyingi hukoma kwenye bati lililonyooshwa na kupakwa rangi upya.

Tunza ankara yenye namba za vipuri, aina na lita za oili iliyotiwa, na picha za kabla ya matengenezo. Kama nyuma ya bampa kuna rada, yaani kifaa kinachotambua vitu vilivyo mbele ya gari, dai karatasi ya kuipima upya.

Gari ambalo bima imelitangaza halifai kutengenezwa ni hali tofauti: watengenezaji wengi hulifutia dhamana yote.

Na wakala akitaka kuifungua giaboksi ili aichunguze, usitie saini kabla hujajua gharama. Akikuta ubovu umetokana na ajali, malipo ya kufungua na kufunga kwa kawaida huwa yako.