Kwa nini simleti mama Toronto

Ndugu zangu, mmeniuliza kwa nini nisimlete mama huku, ikiwa Wachina wa Kanada wanaishi na wazee wao na serikali inawapelekea wahudumu hadi nyumbani. Mimi ni mmoja wa wahudumu hao, kwa hiyo nitawajibu bila kuwaficha.

Ni kweli kwamba hapa katika jimbo la Ontario mwenye bima ya afya ya serikali, mratibu wa huduma akishamtathmini na kuona anahitaji msaada, huogeshwa, huvalishwa na kusafishwa vidonda nyumbani kwake pasipo kutozwa. Lakini familia nyingi za Kichina ninazozifahamu hapa Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto, huiomba huduma hiyo wakati mzee ameshaanguka bafuni, au binti anayemuuguza ameishiwa nguvu. Watu husema ni mila, kwamba mtoto mwema hamwachii mgeni kumwogesha baba yake. Mila ipo, ila naona inasingiziwa mno. Mzee anayejua Kikantoni tu (mojawapo ya lugha za Kichina), aliyeletwa uzeeni kwa udhamini wa mwanawe, hawezi hata kupiga simu ya kuomba tathmini. Na huduma ikipatikana, leo huja mtu huyu, wiki ijayo mwingine, na kwa kuwa hawaelewi lugha yake, hakuna anayejua kama mzee amelalamikia maumivu au ameomba maji ya moto (ambayo wengi wao huyanywa hata wakati wa joto).

Tazameni Yee Hong, kituo cha wazee kilichofunguliwa hapa Scarborough mwaka 1994 kwa juhudi za daktari Joseph Wong, ambako wazee huhudumiwa kwa lugha zao na kupikiwa vyakula vyao. Foleni ya kupata kitanda huko huhesabiwa kwa miaka. Wanaokataa kabisa mikono ya wageni wasingejipanga hivyo.

Sasa mama. Anayemdhamini mzazi nje ya Quebec huahidi kumgharimia kwa miaka 20, na mzazi huyo pensheni ya uzee ya serikali hataigusa kabla ya kukaa nchini angalau miaka 10. Mimi hutoka alfajiri nikarudi usiku, naye atashinda peke yake. Na ikiwa Wachina, kwa wingi wao wote, bado hukosa mhudumu anayeelewa lugha yao, sioni nitampata wapi wa kuzungumza naye Kiswahili. Napendekeza yule binti anayemsaidia hapo Tanga alipwe mshahara kamili kila mwezi. Nusu nitatuma mimi. Nanyi niambieni mtachanga kiasi gani.